Zoni ya afya: ni kazi gani inafanyika kila siku nyuma ya mlango wa BCZ?

Mtu akianza kuharisha maji matupu usiku pale Majengo ao Ndosho, jirani wanatafuta kwanza motari wa kumpeleka. Maswali mengine yanakuja asubuhi. Nani atakuja kupuliza klore katika nyumba? Nani atafuata wale waliokula naye? Nani atauliza maji yalitoka wapi? Ukiuliza barabarani, wengi wanajibu "ni serikali", wengine "ni ma-ONG". Jibu lenyewe liko karibu zaidi: ni zoni ya afya. Iko na ofisi yake, iko na watu wake, na baadhi ya watu hao ni jirani zako wa avenyu.

Basi leo tuangalie zoni ya afya ni kitu gani, inafanya nini tangu Jumatatu mpaka Jumapili, na wewe msikilizaji unaweza kuidai nini.

Ngazi ziko namna gani

Juu kabisa kuko Wizara ya Afya, Kinshasa. Kila jimbo liko na Divisheni ya Afya, ile tunaitaka DPS. Chini yake kuko zoni za afya. Kongo nzima iko na zoni 519, na Kivu ya Kaskazini peke yake iko na 34. Mji wetu umegawanywa katika zoni mbili, Goma na Karisimbi. Ukipanda upande wa volkano unaingia katika zoni ya Nyiragongo, ambayo leo imeshikana na mji mpaka mtu hajui amevuka saa ngapi.

Zoni ya afya si komini. Iko na majina yanayofanana, lakini burgumesta ni mtu mwingine na daktari mkuu wa zoni ni mtu mwingine. Daktari huyo anafanya kazi katika ofisi kuu ya zoni, BCZ, pamoja na timu: wauguzi wanaosimamia vituo, mtu wa maji na usafi, mtu wa chanjo, mtu wa dawa, mtu wa hesabu, na yule anayeshughulika na wakaaji. Kila zoni inapaswa kuwa na hospitali yake kubwa ya kupokea wagonjwa waliotumwa na vituo. Kisha inagawanywa tena katika maeneo madogo ya afya, na kila eneo liko na kituo chake. Kituo kinaongozwa na muuguzi mkuu, yule wamama wanamwita "titileri".

Kazi ya kwanza: kuhesabu

Watu wengi wanafikiri kazi ya zoni ni kutunza wagonjwa. Kutunza ni kazi ya vituo na hospitali. Zoni yenyewe, kazi yake ya kila siku ni kujua nani anaugua nini, na fasi gani.

Juma la hesabu linaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Juma likiisha, kila titileri anatuma namba zake BCZ: wangapi wameharisha, wangapi wako na surua, kama kuko mtoto aliyepooza ghafla, kama kuko mama aliyekufa akizaa. BCZ inaunganisha, inatuma DPS, na DPS inatuma Kinshasa. Magonjwa mengine hayangojei Jumatatu. Kwa kolera, Ebola ao homa ya manjano, ni simu siku ileile.

Mtu atasema, namba zinaponyesha nani? Tukumbuke mwaka 2019. Ebola ilikuwa imeanza Agosti 2018 upande wa Beni, na kila mtu aliogopa siku itakayofika Goma, mji wa uwanja wa ndege na mpaka. Tarehe 14 Julai 2019 ilifika: mgonjwa wa kwanza alishuka basi kutoka Butembo, akaenda katika kituo cha afya. Wauguzi wa kituo hawakumpa dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani. Waliona alama, wakapiga simu, na siku ileile alihamishwa. Abiria wa basi walitafutwa mmoja mmoja, wakafuatwa kwa siku 21, wakapewa chanjo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari ya dunia nzima. Ugonjwa ule uliua watu 2 287 mpaka ulipotangazwa kuwa umeisha tarehe 25 Juni 2020. Hapa Goma waliothibitishwa walikuwa wanne.

Kazi ya pili: maji

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo hapa ni kupasua jiwe, na ndiyo maana vyoo vingi havina kina. Bomba nazo zinaharibika: lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliacha kartye nyingi bila maji. Bomba ikikauka, bidoni zinarudi ziwani. Na katika maji ya Kivu, kolera ni mgeni aliyezoea nyumba.

Wazee wanakumbuka Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache tu, mamia ya maelfu, na karibu watu 50 000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Tangu wakati ule kila mtu wa afya hapa Goma anajua hesabu ya bidoni.

Ndiyo sababu unaona kando ya ziwa mtu amekaa na sindano ya plastiki, anatia klore katika kila bidoni ya litre 20. Hauzishi kitu. Anafanya kazi ambayo zoni na wanaoisaidia wameipanga. Ukipokea klore hiyo, ngojea dakika 30 kabla ya kunywa. Wengine wanakunywa njiani, na hapo klore haijamaliza kazi yake.

Kazi ya tatu: chanjo na usimamizi

Zoni ndiyo inatunza friji za chanjo, na umeme wa Goma tunaujua. Chanjo iliyopata joto haina nguvu tena, hata kama chupa inafanana. Kutoka friji ya zoni inapelekwa katika kituo, mara nyingi kwa pikipiki. Mtoto anaanza na BCG akizaliwa, anarudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha ya surua akiwa na miezi 9. Chanjo hizo ni bure. Ukiombwa pesa ya sindano yenyewe, uliza.

Zoni inatembelea pia vituo: kama dawa ziko, kama daftari linajazwa, kama bei imebandikwa ukutani, kama mama anayezaa anatumwa hospitalini mapema. Kituo cha watu binafsi nacho kinapaswa kuonekana na zoni. Lakini mji umejaa vituo na duka za dawa kwenye kila kona, na timu ya BCZ ni watu wa kuhesabika kwa vidole.

RECO ni nani?

Hapa ndipo kazi yote inasimama ao inaanguka. RECO ni mkaaji wa mtaa, mama ao baba, aliyechaguliwa na wenzake kutembea nyumba kwa nyumba. Anaangalia kadi za chanjo, anaeleza namna ya kunawa mikono, anapeleka habari kwa titileri. Juu yao kuko CODESA, komite ya wakaaji wa eneo la afya. Mwenyekiti wake anatoka kwa wakaaji, na titileri anakaa ndani. CODESA iko na haki ya kujua dawa ngapi zimeingia na pesa ya kituo imefanya nini.

RECO hana mshahara. Wakati wa kampeni ya chanjo ao mradi wa shirika, anapata kitu kidogo cha njia. Mradi ukifunga, kitu kile kinaisha, lakini ugonjwa haufungi. Katika Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hospitali zilijaa majeruhi, uwanja wa ndege ukafungwa, na watu wakahama bila kuaga. Anayejua kwamba katika nyumba fulani kumeingia familia tatu, na mtoto mmoja anaharisha, si daftari la Kinshasa. Ni yule mama wa avenyu. Akichoka, ao akitukanwa kwamba "anakulaka pesa ya kolera", zoni inabaki kipofu.

Si kazi ya zoni

Takataka za barabarani ni kazi ya ofisi ya meya na komini. Bomba ni ya REGIDESO. Watu wa afya ya mpakani, wale wa Petite na Grande Barrière, wako na huduma yao. Zoni inaweza kupiga kelele na kuandika barua kwa wote hao, lakini haina lori wala bomba. Ni vizuri kujua, ili lawama ifike kwenye mlango wake.

Wewe ufanye nini?

Ujue mambo matatu: jina la eneo lako la afya, jina la RECO wa avenyu yako, na nani ni mwenyekiti wa CODESA. Titileri wa kituo cha karibu atakuambia bila malipo.

Mtu akiharisha maji, usingojee kuche. Kolera inaweza kuua kwa saa chache, lakini mwenye kunyweshwa mapema anapona karibu kila mara. Njiani, mpe maji yaliyochemshwa ao yenye klore: litre moja, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Ni mtoto wa kunyonya? Mama aendelee kumnyonyesha.

Kisha umwite RECO. Wengine wanaogopa, juu watu wa klore wakifika, mtaa wote unaona. Ni kweli, wataona. Lakini ukificha, bidoni ileile itaendelea kuzunguka kwenye nyumba tano zinazochota pamoja, na usiku unaofuata motari atatafutwa tena.