Kusoma Lebo za Wadudu wa Makumbusho

Ukitia mkono kwenye gunia la mahindi pale Kariakoo ukatoka na unga mwingi kiganjani, na punje zina matundu, huenda gunia lina dumuzi. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na barani Afrika alianza kujulikana Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini tunajuaje kama mdudu fulani ni mgeni au alikuwapo siku zote? Njia mojawapo ni kufungua droo za makumbusho na kutazama wadudu waliokusanywa zamani.

Mdudu wa makumbusho hukaushwa, huchomwa pini, na chini yake huwekwa lebo ndogo yenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Asiye na lebo ni pambo tu.

Taabu ni kwamba vielelezo vingi vya nchi yetu haviko nchini. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na wadudu wengi wa enzi hiyo walipelekwa Berlin, kwenye makumbusho yaleyale yenye mifupa ya dinosaria wa Tendaguru. Enzi ya Waingereza, wengine wakaenda London. Nani ana nauli ya kuwafuata huko? Ndiyo maana uwekaji wa makusanyo haya katika mfumo wa kidijitali unatuhusu.

Mdudu hupigwa picha pamoja na lebo yake na kupewa namba. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kusoma lebo ndiko kugumu: nyingi zimeandikwa kwa mkono, wino umefifia, na kompyuta hukosea. Hapo ndipo huitwa watu wa kujitolea. Mradi wa Notes from Nature, ulioanza mwaka 2013, huweka picha kwenye intaneti, na yeyote, awe mstaafu au mwanafunzi, huandika anachokisoma. Lebo moja hupewa watu kadhaa, kisha majibu yao hulinganishwa.

Tazama mfano huu niliotunga: “Daressalam, D.O. Afr., 12.iv.1907”. Herufi D.O. Afr. ni kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwezi umeandikwa kwa namba za Kirumi, yaani Aprili (kila mwaka nasahihisha madaftari yaliyoandikwa Juni). Sababu ya kutumia Kirumi ni kwamba 5.4 yaweza kusomwa 5 Aprili au 4 Mei. Lebo za Waingereza huandikwa T.T., kifupi cha jina la Tanganyika chini ya utawala wao.

Sasa fikiria mtu aliye Ulaya anakutana na neno Pugu lililofifia. Anaweza kuandika Pagu, Puga, chochote. Kijana wa Gerezani anayeona daladala za Pugu kila siku hakosei. Kwa maoni yangu, kazi hii inatuhitaji sisi kuliko tunavyodhani.

Taarifa zikikamilika huweza kuingizwa GBIF, hazina ya dunia ya taarifa za viumbe, isomwayo bure. Hapa nchini shughuli zake huratibiwa na TanBIF, iliyo chini ya COSTECH.

Zoezi: Soma lebo “Amani, T.T., 3.xi.1936”. Andika mkoa wa sasa, tarehe kamili, na utawala uliokuwapo.