Dawa ya Kuokoa Neva za Usikivu Yachunguzwa

Kila askari aliyewahi kulala kifudifudi akilenga shabaha anaujua mlio ule unaobaki masikioni baada ya amri ya kusitisha kufyatua. Tulipokuwa kadeti tuliuona kuwa dalili ya kukomaa, na mwenzetu aliyejiziba masikio kwa pamba alichekwa hadi jioni. Leo naona kwamba mwenye akili alikuwa yeye.

Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kipimo ambacho hata pigo moja laweza kudhuru. Ndani ya sikio mna kijumba kilichojisokota mfano wa kombe la konokono, na humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara. Neva huzipokea ishara hizo na kuzifikisha ubongoni. Kuku akipoteza seli hizo, humwotea nyingine. Binadamu, pamoja na vyeo vyake vyote, hana bahati hiyo.

Wala msiba hauishii hapo. Seli zikifa, neva nazo huanza kufa polepole. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopigiwa kelele kubwa walirudi kusikia, ilhali maungio mengi kati ya seli na neva yalikuwa yamekwisha kukatika, na neva zenyewe zikaendelea kufa miezi mingi baadaye. Basi asemaye "mlio umekwisha, afande, nimepona" huenda anajidanganya.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walitoa habari za panya waliotiwa uziwi kwa kanamisini, dawa iliyotumiwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu, hata hapa kwetu Rwanda. Chembe za kinga ya mwili, zilizoumbwa ziwe walinzi, huwaka na kuchangia kuziua neva. Panya waliopewa ibuprofeni au deksamethazoni, dawa za kutuliza mwako huo, walibaki na neva nyingi zaidi kuliko wenzao. Uziwi haukuondoka, kilichookolewa ni waya, si simu. Lakini waya huo ndio unaotegemewa na kifaa cha umeme kinachopandikizwa sikioni mwa kiziwi ili apate kusikia tena.

Asije mtu akakimbilia duka la dawa la Nyabugogo kununua ibuprofeni. Hao walikuwa panya, tena uziwi wao ulitokana na dawa, si risasi. Na kuna uchunguzi uliohusisha kumeza ibuprofeni mara kwa mara na upungufu wa kusikia. Lililo hakika ni hili: kwa uziwi wa ghafla, madaktari huweza kutoa dawa za jamii ya deksamethazoni, na huzitoa mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza. Kwa hiyo askari ambaye sikio lake limezima baada ya mlipuko asingoje likizo. Afike kwa daktari siku hiyo hiyo.