Hitilafu za Umeme Zinazopotea na Kurudi katika Gari Kuukuu

Hitilafu ya umeme katika gari kuukuu hupenda kujitokeza mahali pasipo pake. Dereva anakanyaga breki, indiketa inawaka kwa mwanga hafifu. Anawasha taa kubwa, mshale wa joto la injini unapanda ilhali injini haijachemka. Fundi asiye na mita hubaki kukisia: leo anabadilisha swichi, kesho anashauri betri mpya, na tatizo liko palepale. Chanzo cha vituko hivyo huwa cha kawaida sana. Umeme hauendi popote usipokuwa na njia ya kurudi, na gari likishatumika miaka 20, mara nyingi njia ya kurudi ndiyo imeharibika.

Katika magari karibu yote ya sasa, kichwa hasi cha betri kimeunganishwa na bodi pamoja na injini. Waya hupeleka umeme kwenye taa au mota. Kurudi, umeme hupita kwenye bati la gari lenyewe. Mpango huu umepunguza nyaya nyingi, lakini unategemea vipande vifupi vya waya vilivyokazwa kwa boliti kwenye bati tupu, ambavyo mafundi huviita athi. Kutu, rangi iliyopulizwa upya baada ya gari kugongwa, au boliti iliyosahauliwa injini iliposhushwa, kimojawapo kinatosha kuiziba njia hiyo. Hapo umeme hutafuta upenyo mwingine. Athi ya taa za nyuma ikiwa mbovu, umeme wa taa ya breki hupita kwenye uzi wa balbu ya indiketa iliyo jirani, hurudi kinyumenyume kwenye waya wake na kutokea kwenye indiketa ya mbele, ambayo athi yake ni nzima. Balbu zote ni nzima na swichi haina kosa.

Chumvi huharakisha uharibifu huo. Gari lililotumika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, huweza kufika Mombasa au Dar es Salaam likiwa na bodi ya kuvutia na athi zilizokwisha kuliwa chini kwa chini. Kisha linapokewa na upepo wa bahari.

Uchunguzi huanzia kwenye betri, hata kama dalili ziko kwingine. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, volti 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12 imekwisha. Injini ikinguruma, kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Kikibaki kwenye 12, altaneta haichaji. Kuna altaneta nyingine zenye hila: dayodi moja imeungua, volti zinaonekana za kutosha, lakini umeme unatoka na mawimbi yanayozitatiza kompyuta na redio. Mita ikigeuzwa upande wa AC wakati injini inafanya kazi na kuonyesha zaidi ya volti 0.5, altaneta inafaa kushukiwa.

Betri ikiwa nzima, zamu ya athi inafika, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kwa kutumia kipimo kisichofaa. Wengi huzima gari na kupima ukinzani wa waya. Waya wenye nyuzi 30 uliobakiwa na uzi mmoja utaonekana mzima kwa kipimo hicho, ilhali hauwezi kubeba mzigo wa stata. Kipimo cha kuaminika hufanyika umeme ukiwa unapita. Mita huwekwa kwenye volti za DC, waya wake mmoja ukigusa kichwa hasi cha betri chenyewe, si kibano kilichokishika, na wa pili ukigusa chuma kitupu cha injini. Mtu mwingine anapiga stata. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, athi ni nzuri; ikifika 0.5, kuna kizuizi. Stata ya gari dogo hula ampea 100 hadi 200, kwa hiyo ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya bei nafuu haiwezi hata kuuona, hupoteza volti 1.5 kwenye ampea 150. Stata inazunguka kivivu na betri inasingiziwa. Njia hiyohiyo hutumika upande wa chanya, na vilevile kwa taa, honi au pampu ya mafuta: kifaa kiwashwe, kisha zitafutwe volti zinazopotea njiani.

Betri inayokufa usiku gari likiwa limezimwa ni kisa kingine. Saa, kompyuta na kumbukumbu ya redio hula umeme daima, na hadi miliampea 50 hivi hakuna ubaya, kwani kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2 tu. Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika hula karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 haifiki mbali. Ili kumkamata mwizi huyo, waya hasi wa betri hufunguliwa na mita, ikiwa kwenye ampea 10, ikaunganishwa kati ya waya huo na kichwa cha betri. Stata isiguswe, la sivyo fyuzi ya mita itaungua. Inafaa kusubiri nusu saa hivi, kwa kuwa kompyuta za gari huchelewa kulala. Baada ya hapo fyuzi huchomolewa mojamoja hadi kipimo kishuke. Kisiposhuka kabisa, altaneta ichunguzwe, maana dayodi yake mbovu huvujisha umeme bila kupitia sanduku la fyuzi la ndani. Ukweli ni kwamba mkosaji mara nyingi ni kitu kilichofungwa baadaye: alamu, redio kubwa, kifaa cha kufuatilia gari. Kuanzia hapo huokoa muda.

Fyuzi inayoungua kila ikibadilishwa inaonyesha shoti. Fyuzi bapa nyekundu ni ya ampea 10, buluu 15, njano 20 na kijani 30. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kuuhamishia moto kwenye nyaya. Badala ya kuunguza fyuzi kumi, balbu ya taa kubwa ya wati 55 huunganishwa mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo, balbu huwaka kwa nguvu. Nyaya hutikiswa taratibu, sehemu kwa sehemu, na pale balbu inapofifia ndipo shoti ilipo. Mpira wa nyaya kati ya mlango na bodi, pamoja na bawaba za mlango wa nyuma, vitazamwe mapema. Panya nao wasisahauliwe.

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile inayofuata joto. Honda nyingi za miaka ya 1990 zilijulikana kwa hili: rilei kuu ya mfumo wa mafuta ilikuwa na viungio vya risasi vilivyopasuka nyufa ndogo. Gari likiachwa juani, chuma hutanuka, ufa unafunguka, pampu haipati umeme na injini haiwaki. Jioni linawaka kama kawaida. Dawa ilikuwa kufungua rilei na kuyeyusha upya viungio hivyo. Hitilafu ya aina hii hutafutwa kwa kuirudisha makusudi, kwa kupasha sehemu moja joto kwa mashine ya kukaushia nywele.

Gari likiwa na kompyuta, msimbo wake husaidia. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kuunganisha matundu TE1 na E1 ya kisanduku cha uchunguzi hufanya taa ya injini imemeteke kwa kuhesabu msimbo. Msimbo hutaja mkondo wenye kasoro. Kama kosa ni la sensa, waya au athi, mita ndiyo itakayoamua.

Waya ulioharibika hukatwa hadi kwenye shaba inayong'aa, ukaungwa kwa waya wa unene uleule, kwa risasi au kibano maalumu, na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe ni kualika hitilafu mpya. Ila kuna nyaya zisizoungika: katika Mercedes-Benz kadhaa za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ganda la nyaya za injini hugeuka gumu na kumenyeka likiguswa. Hapo seti nzima ya nyaya za injini hubadilishwa.