Tangazo la Mlangoni mwa Kibanda

Jumamosi moja asubuhi niliingia kwenye kibanda cha gemu mtaa wa Majengo, Moshi, kumfuata mpwa wangu aliyetumwa sukari akapotelea huko. Televisheni mbili zilikuwa zinawaka, lakini hakuna aliyecheza. Kwenye kioo cha moja, mstari wa buluu ulikuwa unasogea kwa mwendo wa konokono.

"Shikamoo, mzee. Inaapdeti," alisema kijana mwenye kibanda, kwa sauti ya mtu anayepeleka taarifa ya msiba. Alikuwa ameiunganisha mashine na simu yake, na bando alilonunua kwa wiki nzima lilikuwa linamalizikia pale. Wateja walikaa kwenye benchi, mia tano zao mkononi.

Mchezo ulipofunguka, mechi ya kwanza tu ikazaa ugomvi. Pasi ndefu iliyokuwa ikimkuta mshambuliaji mguuni sasa ilidondokea katikati ya uwanja. Mmoja akadai pedi ya kuchezea ni mbovu, akataka arudishiwe hela. Tukatafuta maelezo ya watengenezaji. Yalikuwa sentensi moja ya Kiingereza: wamerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji. Basi.

Kwa sisi tuliozoea kusoma taarifa za miradi, sentensi ile si ngeni. Ni ndugu wa damu wa ile isemayo kazi imefanyika kwa kuwashirikisha wadau. Zote mbili zinathibitisha kuwa jambo limetendeka, na zote zinanyamazia nani limemgusa na nani amelilipia. Apdeti nayo ni mradi: ina mchoro, ina bajeti, ina tarehe ya kukabidhi, na ina mtu wa mwisho ambaye mchoraji hajawahi kumwona.

Mtu huyo wa mwisho ndiye anayenifikirisha. Ukiteremka kutoka mjini kuelekea Mabogini na Chekereni unafika kwenye Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Ulipangwa kumwagilia takriban hekta 2,300, kati yake kama 1,100 za mpunga, kwa maji ya mito Rau na Njoro. Mpunga ulistawi kweli, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Wakulima waliokuwa juu ya mabanio, nje ya mchoro, waliona mavuno ya jirani, wakajifunza kuotesha miche na kuipandikiza, wakafungulia maji kwenye mashamba yao. Huko chini maji yakapungua, na sehemu ya ardhi iliyopangiwa mpunga ikakosa zamu. Mradi haukuangushwa na uvivu wala ujinga. Ulikutana na watu ambao haukuwa umewahesabu.

Kijana wa Majengo naye yuko juu ya banio, nje ya mchoro. Kwa mtengenezaji, yeye ni akaunti moja. Kwenye benchi lake wanapita watu thelathini kwa siku, na apdeti ikibadilisha kitu, wote thelathini watamuuliza yeye.

Babu yangu huko Kibosho alikuwa miongoni mwa wazee wa mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba. Kiangazi kikikaza na zamu za maji zikalazimika kupangwa upya, hakuanza na wenye kupata. Alikwenda kwanza nyumbani kwa yule ambaye maji yake ya Jumanne yanachukuliwa, akaketi, akamweleza kwa nini, na lini atarudishiwa. Wengine walisikia baadaye, siku ya kusafisha mfongo. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni heshima tu. Sasa naona ilikuwa pia akili ya utekelezaji: anayepoteza bila kuambiwa ndiye atakayekwenda usiku na jembe kuyageuza maji.

Watengenezaji wa gemu nao wangepaswa kuanza hapo hapo, kwa aliyepunguziwa. Habari za mavazi mapya ya wachezaji hazihitaji mpiga mbiu; mtu atayaona mwenyewe. Kilichopunguzwa au kuondolewa ndicho kinachotakiwa mstari wa juu, pamoja na sababu yake. Riot Games, watengenezaji wa League of Legends, wamezoea kufanya hivyo: mhusika akipunguzwa nguvu, wanaandika namba ya zamani na mpya, na juu yake maelezo mafupi ya walichokiona hadi wakaamua. Mchezaji anaweza kukasirika, lakini hatadhani pedi yake imeharibika.

Namba peke yake haitoshi. Konami walipoachana na jina la PES, gemu yao ya mpira wa miguu, wakatoa eFootball, Septemba 30, 2021, toleo lile lilikuwa 0.9.0. Kwa waandishi wa programu, namba iliyo chini ya 1 huashiria kazi ambayo haijaiva. Wachezaji hawakuisoma hivyo. Walichoona ni nyuso zilizopinda na mpira usioeleweka, kelele zikapanda, kampuni ikaomba radhi, na toleo 1.0.0 likaja Aprili 2022. Onyo lilikuwepo, ila lilikuwa kwa lugha ya mafundi.

Hata nafasi finyu si kisingizio. Duka la programu la Google linaruhusu herufi 500 za kueleza mapya. Nilijaribu kuandika maelezo ambayo yangeinusuru Jumamosi ile: "Pasi ndefu zimepunguzwa nguvu, kwa sababu zilikuwa zinaamua mechi nyingi. Ukitaka mpira ufike mbali, shikilia kitufe muda mrefu zaidi. Apdeti hii ni GB 2. Hadi Ijumaa unaweza kucheza bila kuipakua. Tatizo la sauti kukatika bado hatujalimaliza." Herufi hazifiki 300. Sentensi ya tatu inaheshimu mfuko wa mtu, na ya tano, inayokiri upungufu, ndiyo itakayofanya zile nyingine ziaminike.

Wiki iliyofuata nilipita tena Majengo. Mlangoni palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makapeni nyeusi. Kijana alikuwa amekesha akiucheza mchezo peke yake, akiuchunguza kitufe kwa kitufe, kisha akawaandikia wateja wake yale ambayo ofisi kubwa haikuandika. Pasi ndefu: shikilia zaidi. Kipa: anatoka mapema kuliko zamani, usimwamini. Mechi ya kwanza ya leo ni bure, uzoee.

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Kama kuna kilichobadilika ambacho sijakiona, niambie nikiongeze."