Kompyuta Inavyojumlisha: Namba au Maandishi?



Siku hizi katika mashamba na viwanda vingi kilo na saa za kazi huingizwa katika kompyuta. Wenzetu wengi hudhani kompyuta haikosei. Sisi twasema: kompyuta hufuata amri iliyopewa, basi. Ni vizuri mfanyakazi aijue amri hiyo.

Tuchukue lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa mwaka 1991 na sasa inatumika dunia nzima. Kwa Python, 26 ni namba, lakini "26" ndani ya alama za kunukuu ni maandishi tu, kama jina la mtu. Na tarakimu zinazopigwa kwenye kibodi hupokewa kama maandishi mpaka zigeuzwe.

Mchuma chai amepima kilo 26 asubuhi na kilo 14 alasiri:

(a) 26 + 14 ni 40. Hiyo ni hesabu.

(b) "26" + "14" ni "2614". Maandishi yameunganishwa tu.

(c) "26" * 2 ni "2626". Maandishi yamerudiwa mara mbili.

(d) "26" + 14 hukataliwa. Programu husimama na kutoa taarifa ya kosa. Vivyo hivyo "26" - "14".

Kosa linalosimamisha programu halina hatari kubwa, kwa sababu huonekana. Hatari ni kosa la kimya. Tuseme kiwango cha siku ni kilo 18. Maandishi hulinganishwa herufi moja moja kuanzia kushoto, kama majina katika orodha. Kwa hiyo "9" ni kubwa kuliko "18", maana 9 inaizidi 1. Na "100" ni ndogo kuliko "18", kwa kuwa baada ya 1, 0 iko chini ya 8. Mwenye kilo 100 atahesabiwa hakufikisha, na mwenye kilo 9 atapita!

Dawa yake ni kugeuza: int("26") hutoa namba kamili, na float("26.5") hutoa namba yenye nukta. Lakini int(26.5) hukata nusu kilo, ikabaki 26. Vilevile 53 / 2 ni 26.5, ila 53 // 2 ni 26. Nusu kilo hiyo ni jasho la mtu.

Basi, ndugu, tutunze vikaratasi vya mizani na tujumlishe wenyewe kabla ya siku ya mshahara. Hesabu zikitofautiana, mwakilishi wetu aiulize ofisi: kilo zetu zimeingizwa kama namba, au kama maandishi?