Mtumba si Rahisi kwa Asiyeuchunguza

Ni taabu leo kuipata nyumba, Unguja au Pemba, ambayo mtumba haujapiga hodi. Ikiwa si shati la baba, basi ni gauni la binti. Ikiwa si nguo, basi ni feni, jokofu, baiskeli au kitanda. Jambo hili si la kuonewa haya. Mwenye kipato kidogo akivaa nguo iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo, nayo ikawa safi na nzima, ametumia fedha yake kwa busara kuliko jirani aliyekopa ili aonekane na kipya. Hata hivyo, kununua mtumba ni jambo moja, na kulipia taka ni jambo jingine. Tofauti ya mambo hayo mawili yapasa ifahamike kwa mnunuzi, kwa muuzaji na kwa wenye dhamana ya kusimamia masoko yetu.

Mtumba kwa asili ni furushi, na nguo hizi zimepata jina kutokana na marobota yanayozileta. Wazee wetu waliziita "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba mwenyewe lazima awe amekufa ndipo nguo nzima namna ile iachwe. Katikati ya miaka ya 1980, masharti ya biashara ya nje yalipolegezwa nchini, zilianza kuingia kwa wingi. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikusudia kuziondoa sokoni hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vyao vya nguo. Marekani ilipinga, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Kwa hivyo mtumba ungalipo, na kinga ya kwanza ya mnunuzi ni macho yake mwenyewe.

Kwanza tuelewe jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Robota la nguo aghalabu huwa na uzito wa kilo 45 au karibu yake, na huuzwa likiwa limefungwa. Mfanyabiashara mdogo wa Darajani au Mwanakwerekwe hulinunua bila ya kuona kilichomo. Naye pia ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Akishalifungua hutenga nguo bora na kuziuza kwa bei ya juu, kisha zinazofuata, na mwisho huyamwaga mabaki chini yachaguliwe kwa bei ya kutupa. Mwenye kutafuta kilicho bora na aende siku robota linapofunguliwa. Mwenye kutafuta bei nafuu na asubiri siku za mwisho, akijua kwamba wenziwe wamekwisha kuchagua. Kadhalika, asiyetaka kulipa zaidi asingojee wiki ya sikukuu wala siku za kufunguliwa skuli, kwani wakati huo kila mtu yumo sokoni.

Nguo ichunguzwe kwa utaratibu. Inyanyuliwe dhidi ya mwanga wa jua ili matundu na sehemu zilizokonda zionekane. Kisha zitazamwe kola, makwapa, mapaja ya suruali na mishono, maana huko ndiko nguo inakochakaa mwanzo. Zipu ifungwe na kufunguliwa mara mbili au tatu; mpira wa kiunoni uvutwe uonekane kama unarudi. Kitufe kilichopotea si kitu, lakini kitambaa kilichooza hakuna fundi awezaye kukitengeneza. Nambari za vipimo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, basi zisiaminiwe. Pasipo mahali pa kujaribia suruali, kizungushe kiuno chake shingoni; ncha mbili zikikutana vyema, aghalabu itakutosha. Isomwe pia lebo ya ndani: pamba hupitisha hewa katika joto letu, na nailoni hubana jasho.

Nguo ikifika nyumbani isivaliwe kabla ya kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, kuanikwa juani na kupigwa pasi. Nguo za ndani za mitumba zisinunuliwe kabisa. Tanzania Bara, Shirika la Viwango limekwisha kupiga marufuku uingizaji wake, na sababu ya afya inayomhusu mtu wa Dar es Salaam inamhusu vile vile mtu wa Chake Chake. Godoro lililokwisha kulaliwa nalo halifuliki likatakata. Ama viatu, vipindwe kwa mkono. Soli za povu huoza zenyewe zikikaa muda mrefu, na unyevu wa visiwa vyetu huzidisha kasi. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kikamomonyoka njiani siku ya kwanza.

Hasara kubwa zaidi imo katika vyombo vya umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Wa Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni wa volti 120. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo kikichomekwa moja kwa moja katika ukuta wa nyumba yetu huungua, na huenda kikaiunguza na nyumba. Mnunuzi asome kibandiko kilicho nyuma ya chombo kabla ya kuuliza bei. Kikionyesha volti 100 pekee, ajue kwamba atahitaji na transfoma ya kupunguza nguvu ya umeme, na bei yake aiweke katika hesabu.

Jokofu liwashwe hapo hapo na liachwe hadi baridi ionekane. Kung'aa kwa taa ya ndani si ushahidi wa uzima. Waya uliokatwa na kuungwa upya ni dalili ya kutia shaka, kwani huenda chombo kilikwisha kuhesabiwa kuwa ni taka huko kilikotoka. Majokofu ya zamani sana hutumia gesi aina ya R-12, mojawapo ya gesi zilizopangiwa kuondolewa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Katika nchi zinazoendelea muda wake ulikoma mwaka 2010. Anayelinunua jokofu la namna hiyo ananunua kitu ambacho gesi yake ikivuja ni shida kuipata nyingine.

Mwenye gari asome ubavu wa tairi. Nambari nne za mwisho wa alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata za tairi zinaweza kuwa nzito na mpira ukawa umezeeka na kupasuka. Hapo anayelipia bei rahisi ni abiria.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Kwetu sisi watu wa visiwani, rahisi huvunja zaidi ya upishi. Kila kinachoshushwa bandarini Malindi kinaingia, na kikifa hakirudi kilikotoka. Jokofu bovu huishia uani, kisha jaani, likivuja mafuta na kutu. Maji tunayokunywa Unguja kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, katika miamba ya matumbawe ambayo haizuii kinachomwagwa juu yake. Nchi yenye ardhi pana huenda ikayasahau makosa kama haya kwa muda, kisiwa huyanywa.

Kwa hivyo jukumu haliwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Muuzaji anayejua kasoro na akaificha anafanya ghushi, na ghushi haigeuki kuwa biashara kwa sababu tu bidhaa ni ya mtumba. Na wenye dhamana wana mambo matatu ya kutenda. Kwanza, kila duka la vyombo vya umeme vilivyotumika liwe na mahali pa kujaribia, na mnunuzi apewe risiti na siku maalumu za kurejesha. Pili, Taasisi ya Viwango iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 iwezeshwe kukagua kontena bandarini, Unguja na Pemba, kabla ya mzigo kutawanyika, kwani chombo kibovu kikishafika dukani ni shida kukifuatilia. Tatu, pawepo mahali maalumu pa kupokelea vyombo vilivyokufa.

Asiseme mtu kwamba hayawezekani. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki wakati nchi nyingi kubwa zilikuwa bado zinajadiliana. Kisiwa kilichoweza kuukataa mfuko hakishindwi kulikagua jokofu. Wakati hatua hizo zinangojewa, mwananchi anapokwenda sokoni na ashike chombo, akigeuze, akisome, akiwashe, ndipo aulize bei. Asiyeruhusiwa kukagua aondoke na fedha yake mfukoni.