Bibi Hamer Aliyefukuzwa Shambani

Mwezi huu twawasimulia habari za Bibi Fannie Lou Hamer wa Mississippi, Marekani. Alizaliwa mwaka 1917, kitindamimba katika watoto 20, naye tangu umri wa miaka 6 alichuma pamba.

Tarehe 31 Agosti 1962 watu weusi 18 walikwenda Indianola kwa basi, mwendo wa maili 26, ili waandikwe katika daftari la wapiga kura. Huko Bibi Hamer akapewa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, akashindwa. (Katika walimu wetu, ni wangapi wangaliweza?) Walipokuwa wakirudi, polisi wakalisimamisha basi, wakamtoza dereva faini, ati rangi yake ya manjano yafanana mno na ya basi la shule. Hofu ikawashika abiria; ndipo Bibi Hamer akaanza kuimba nyimbo za kanisani.

Jioni ile mwenye shamba akamwamuru aliondoe jina lake, ama sivyo atoke. Alikuwa amemtumikia miaka 18. Akajibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana yule, bali kwa nafsi yake. Akatoka usiku ule ule, mumewe akabaki kumaliza mavuno.

Januari 1963 akafaulu mtihani. Juni akapigwa gerezani Winona hata akaumia figo, na mwaka 1964 akayashuhudia hayo Atlantic City mbele ya taifa zima.

Alifariki tarehe 14 Machi 1977, akazikwa Ruleville, katika ardhi iliyonunuliwa na ushirika wa wakulima aliouanzisha mwenyewe.